Ruhusa si heshima: niliyojifunza kwenye kundi la majirani Buruburu

Jumanne ya kwanza ya Machi 2021, saa tatu kasorobo usiku, nilifungua simu nikakuta nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la koti yetu, yaani majirani wa geti moja. Nilidhani kuna kidole kimeteleza mahali. Nikavaa malapa nikamuulize mwenyekiti, lakini nilipofungua mlango nilimkuta yeye amesimama nje, simu mkononi.

"Katibu, na mimi wamenitoa."

Tukavuka hadi namba 9, ambako jirani alikuwa bado ndani ya kundi. Akatuonyesha ujumbe uliokuwa umeingia dakika chache tu zilizopita: jirani yetu mmoja amefiwa na mtoto, kafyu ya saa nne inakaribia, wenye uwezo watume chochote kwa namba ifuatayo ili mwili uhamishwe usiku huo huo. Ujumbe ulitoka kwa simu ya mwalimu mstaafu wa namba 4, mzee ambaye neno lake hakuna anayelitilia shaka pale kwetu. Chini yake watu walikuwa wameshaandika pole. Mmoja alikuwa amebandika uthibitisho wa M-Pesa.

Asiyeijua Buruburu, mtaa wa Nairobi, aelewe kwamba nyumba zetu zimepangwa kwa makoti: nyumba zinazozunguka uwanja mdogo, geti moja, askari mmoja wa usiku. Yetu ina nyumba 34, hatua chache kutoka Mumias South Road. Mambo yote ya koti hupitia kundi lile: pesa za takataka, mshahara wa askari, zamu ya maji, harusi, matanga. Hasa matanga. Tumezoea kuchangiana kwa simu kabla hata hatujafika kwa mfiwa, na mwizi alichezea tabia yetu njema kuliko zote.

Mwalimu hakuwa amefanya ubaya wowote. Mchana wa siku hiyo alipokea ujumbe kutoka kwa namba ya mtu wanayesali naye, ukimwambia: nimekutumia tarakimu sita kwa bahati mbaya, tafadhali nirudishie. Akazirudisha. Zile tarakimu zilikuwa ufunguo wa akaunti yake mwenyewe. Aliyemtumia ujumbe alikuwa ameshaibiwa akaunti mapema, na sasa ilikuwa zamu ya mwalimu. Jioni mwizi akaingia kwenye kundi letu akakuta kitu ambacho sisi ndio tulikuwa tumemwekea mezani: mwalimu alikuwa msimamizi wa kundi. Admini, kama wengi tunavyosema. Akaanza kuwaondoa wasimamizi wengine mmoja mmoja, ili asibaki mtu wa kumzuia.

Tulikuwa na wasimamizi 14 katika kundi la watu 71.

Namba hiyo bado inaniuma nikiiandika, kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni kutunza mifumo ya kompyuta katika ofisi moja mjini. Pale kazini karani wa mapokezi haoni faili za mishahara, mhasibu hawezi kufuta akaunti ya mtu, na hata mimi nikitaka kufanya jambo zito lazima niingie kwa akaunti nyingine na kuacha alama. Hiyo ni kanuni ya zamani. Wataalamu wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliiandika mwaka 1975: kila mtu na kila programu ipewe ruhusa zile tu zinazohitajika kumaliza kazi yake, isizidi hapo. Mifumo ya kuendeshea kompyuta ya Unix, ambayo ni mikongwe kuliko hata maandishi hayo, hugawa watu mafungu matatu, yaani mwenye faili, kundi lake na wengine wote, kisha kila fungu likaandikiwa kama laweza kusoma, kuandika au kuendesha. Nimeyafanya haya miaka mingi hadi siyafikirii tena. Nikifika nyumbani nikapita geti la koti, nilikuwa nayaacha nje.

Wasimamizi 14 walipatikanaje? Polepole, na kwa nia njema kila mara. Kundi lilianzishwa mwaka 2016 na mama wa namba 17, alipochoka kubisha hodi nyumba hadi nyumba akidai pesa za takataka. Akamweka mwenyekiti, mhazini na mimi katibu. Hapo hapakuwa na kosa. Kisha tukamwongeza mwalimu kwa sababu ni mzee wetu, na isingependeza vijana tuwe na cheo ambacho yeye hana. Akafuata jirani aliyetoa mchango mkubwa tulipobadilisha geti. Mchungaji. Mwakilishi wa vijana, na baada yake mwakilishi mwingine wa vijana, bila kumtoa wa kwanza. Wawili walikuwa wameshahama, mmoja yuko Ruiru na mwingine Syokimau, ila hakuna aliyekumbuka kuwaondoa. Na kusema kweli hata kama tungekumbuka tusingethubutu, kwa kuwa kumvua mtu usimamizi mbele ya majirani 71 kulionekana kama kumfukuza.

Hilo ndilo jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Tulikuwa tunatoa ruhusa kama watu wanavyotoa kiti cha mbele kwenye sherehe. Kiti cha mbele hakina madhara, mtu akikikalia hakuna kinachovunjika. Usimamizi wa kundi ni ufunguo. Tulikuwa tumechonga funguo 14 za geti moja na kuzigawa kama zawadi.

Usiku ule tuliokolewa na jambo ambalo sikulipanga. Kwenye WhatsApp aliyeanzisha kundi haondolewi na msimamizi mwingine yeyote, hubaki na madaraka yake mpaka atoke mwenyewe. Mwizi alikuwa amewatoa wasimamizi 12, akabaki mama wa namba 17 peke yake, na kwake akagonga mwamba. Shida ni kwamba mama alikuwa amestaafu na kurudi kwao Taita, juu kule Wundanyi. Nilipiga mara tatu haipatikani. Mara ya nne akapokea, sauti nzito ya usingizi.

"Mwanangu, kuna nini usiku huu?"

Nikamweleza kwa kifupi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo moja tu: "Mtoto yupi amekufa?" Nikamwambia hakuna mtoto aliyekufa, mama, ni uongo. Nikasikia akishusha pumzi.

Kumwongoza kwa simu ile ile anayozungumzia hakukuwa kazi rahisi. Ilibidi aweke sauti ya juu, ashushe simu kwenye kitanda, avae miwani, afungue kundi. "Gusa jina la kundi pale juu kabisa, mama. Sasa shuka, shuka mpaka uone orodha ya watu." Anashuka. "Nimeona picha yako ya zamani," akasema, kumbe anaangalia mazungumzo yetu binafsi. Tukarudi mwanzo. Alipofika kwenye jina la mwalimu akasita. "Nimtoe Mwalimu? Mimi? Huyu aliwafundisha wanangu." Nikamwambia, mama, aliyeko hapo si Mwalimu, Mwalimu amekaa kwake hajui hata kinachoendelea. Ikapita kama nusu dakika. Kisha jirani wa namba 9, aliyekuwa ameshika simu yake mbele yetu kama taa, akasema: ametoka.

Saa nne kasoro dakika kumi mama alikuwa ameturudisha mwenyekiti na mimi. Watu watatu walikuwa wametuma pesa, jumla shilingi 6,700. Hazikurudi. Mwalimu alipoomba tarakimu sita mpya na kuziingiza, mwizi alitupwa nje ya akaunti papo hapo, ila mwenyewe naye akakwama: mwizi alikuwa ameweka namba ya siri ya pili, na bila hiyo ikabidi asubiri siku saba. Siku saba mzee wa watu anaulizwa kila mahali kama ni kweli aliomba pesa za matanga.

Jumapili iliyofuata tulikaa uwanjani, barakoa usoni, viti vikiwa mbali mbali. Mimi ndiye niliyependekeza wasimamizi wapunguzwe, na nikalipendekeza vibaya. Nilisema tuanze na mwalimu kwa kuwa akaunti yake ndiyo iliyoingiliwa. Mzee alinitazama kwa muda. "Kwa hiyo na wewe unaniona mwizi?" Akainuka, akachukua kiti chake, akaenda nacho kwake. Hakuna aliyeongea. Mlio wa miguu ya kile kiti ikiburutwa kwenye mabamba ya njia bado ninao masikioni.

Nilienda kwake siku tatu baadaye na mkate na majani ya chai, kama inavyopasa. Hakunifukuza, lakini hakunirahisishia. Aliniambia: "Nyinyi mlinipa kile kitu kwa heshima. Mkikichukua peke yake mnachukua na heshima." Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amesema sawasawa. Yule mzee hakuwahi kuomba usimamizi. Hakuwahi hata kuutumia. Tulimvisha kitu kisichokuwa cha heshima tukakiita heshima, kisha tukataka kumvua hadharani.

Kwa hiyo tulifanya upya. Tarehe moja, saa moja, wote tukavuliwa usimamizi: mwenyekiti, mhazini, mimi mwenyewe, mchungaji, wale wa Ruiru na Syokimau, kila mtu. Alibaki mama wa Wundanyi tu, ambaye hatolewi. Ujumbe uliotangulia ulieleza kwamba haya ni mabadiliko ya kazi, na kwamba kuanzia sasa kila ruhusa itafuata kazi fulani na itaisha Januari kwenye mkutano wa mwaka. Baada ya hapo mama akawarudisha watatu. Mwenyekiti, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuamua wakati wa ugomvi. Katibu, kwa kuwa huandika wanaohamia na wanaohama. Na dada wa namba 28, ambaye ni nesi wa zamu za usiku na yuko macho saa ambazo sisi tumelala. Mwalimu tulimpa kilichokuwa chake tangu mwanzo: yeye ndiye anayefungua mikutano yetu na kuomba dua, na mgeni akija kuhamia koti hupelekwa kwake kwanza. Hiyo haiibiwi kwa tarakimu sita.

Sharti moja hatulilegezi. Anayepewa usimamizi huwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya pili juu ya zile tarakimu sita, akiwa amekaa na mmoja wetu, tunaona kwa macho. Kuambiana "umeweka?" na kujibiwa "nimeweka" hakutoshi. Tulipokagua mara ya kwanza, mwenyekiti ndiye hakuwa ameweka.

Kundi lilikuwa sehemu moja tu. Tulikuwa pia na jedwali la malipo kwenye Google, ambalo mhazini wa zamani alilitengeneza na kulituma kwenye kundi kwa kiungo, yeyote mwenye kiungo aweze kuhariri. Aliona ndiyo uwazi. Wakati fulani mwaka huo huo jirani mmoja alikuja juu kwamba malipo yake ya miezi miwili hayaonekani na ana uthibitisho. Nikafungua historia ya faili. Ilionyesha wazi saa ambayo mistari miwili ilifutwa, ila aliyefuta ameandikwa tu kuwa hajulikani, kwa kuwa anayeingia kwa kiungo bila kutambulishwa haachi jina. Nafikiri ni mtu aliyefungua kwa simu akagusa vibaya. Lakini "nafikiri" haitoshi kwenye mambo ya pesa, na majirani wawili walitazamana kwa shaka kwa miezi.

Kwenye jedwali lile lile kulikuwa na safu ya namba za vitambulisho, tulizozikusanya kwa ajili ya kitabu cha askari. Watu 71, na yeyote waliyemtumia kiungo, wangeweza kuzisoma. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na hata bila sheria, hebu fikiria kitambulisho cha binti yako kikizunguka hivyo. Namba zile tulizifuta kabisa. Askari wa geti hahitaji kujua kitambulisho cha mtu anayeishi ndani, anahitaji jina na namba ya nyumba. Jedwali sasa linahaririwa na mhazini peke yake, kwa barua pepe ya koti, wengine wote wanasoma. Uwazi ni watu waone. Kalamu ikae kwa mmoja, anayejulikana kwa jina.

Nilidhani hapo tumemaliza. Nilikuwa nimeshapenda kufunga milango, na hilo nalo lina hatari yake.

Uchaguzi wa Agosti 2022 ulipokaribia kundi lilianza kuchemka. Picha, sauti za kutisha zilizotumwa mara nyingi, maneno ya makabila yaliyofichwa kwenye mafumbo ambayo kila mtu anayaelewa. Koti yetu ina watu wa kila pembe ya nchi, na wapo walioziona ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 kwa macho yao. Jioni ya tarehe 8, mkesha wa kura, nilibadilisha mpangilio: wasimamizi tu ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Kimya kikaingia mara moja. Watu kadhaa waliniandikia faragha kunishukuru, na nilifurahi.

Matokeo ya urais yalikuja kutangazwa tarehe 15. Katikati ya wiki hiyo ya kusubiri, saa nane za usiku, mtoto wa namba 31 alibanwa na kifua. Mama yake yuko peke yake, hana gari, na teksi za simu hazikubali safari usiku ule. Kwa kawaida angeandika mstari mmoja tu kundini na angalau wenye magari wawili wangetoka na nguo za kulalia. Alifungua kundi aandike. Simu ikamwambia kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoruhusiwa. Akanipigia, simu yangu iko kwenye chaji sebuleni. Akampigia mwenyekiti, amelala. Dada nesi alikuwa zamu. Mwishowe alimbeba mtoto mgongoni hadi getini, na askari ndiye aliyekimbia kugonga mlango wa namba 12.

Mtoto alipona. Nilipoenda kumwona asubuhi mama yake hakunilaumu hata kwa neno moja, alinionyesha tu simu yake, pale pa kuandikia palipokuwa pamefungwa. "Nilitaka kuandika," akasema.

Sijawahi kufunga kundi zima tena. Nilikuwa nimezuia maneno ya watu wanne au watano kwa kuziba midomo ya 71, na kati ya hao 71 yupo mwenye shida ya kweli ambaye simfikirii wakati ninapobonyeza. Tangu hapo tuna makundi matatu. La matangazo, wasimamizi tu ndio wanaoandika, na wiki nyingine lina ujumbe mmoja. La maongezi, kila mtu huandika, na anayevuka mpaka hufutiwa ujumbe na kupigiwa simu siku hiyo hiyo. Akirudia anakaa nje wiki mbili, kisha anarudishwa. Na la dharura, ambalo liko wazi kwa kila mtu saa zote na halifungwi kwa sababu yoyote, hata uchaguzi, hata maandamano. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 la maongezi lilichafuka siku mbili, tukalifunga hadi hasira zikashuka. La dharura lilibaki wazi, na ndimo wazazi walimoandikiana ni vijana gani wamerudi nyumbani na nani bado yuko mjini.

Mama wa Wundanyi tulijadiliana naye kama atoke. Yeye haishi tena hapa, na kwa kanuni zangu mwenyewe ruhusa yake ilipaswa kuisha siku alipohama. Lakini makundi yote matatu yamefunguliwa kwa simu yake, ili pawe na mtu mmoja mbali na hapa ambaye mwizi hawezi kumtoa, na mkutano ulikubali kazi hiyo iandikwe kwenye kitabu kama kazi zingine: mshika ufunguo wa akiba. Ana uthibitishaji wa hatua mbili, aliuweka nilipomtembelea Krismasi. Jukumu langu ni kumpigia kila mwanzo wa mwezi kuhakikisha laini yake iko hai.

Nilimpigia juzi. Aliuliza kama jakaranda ya getini imechanua, nikamwambia imemwaga maua hadi kwa jirani. Akauliza nani yuko kwenye nyumba yake, na kama wanapalilia ule mchicha wa nyuma. Kisha, kama anavyofanya kila mwezi kabla hatujaagana, akaniuliza:

"Na kule kwenye simu, mwanangu, bado nimo?"

"Bado umo, mama."

"Haya. Basi mlale salama."